Kunde, Kunde Mwitu na Jeni Isiyojua Mpaka wa Shamba

Pwani ya Kenya kunde mwitu huota kandokando ya barabara, vichakani na pembezoni mwa mashamba, mara nyingi hatua chache tu kutoka kwenye kunde zilizopandwa. Ua la kunde hufunguka alfajiri, na kufikia adhuhuri limekwisha kujifunga. Petali zake za chini zimekunjana zikaificha chavua, na anayeweza kuzikandamiza mpaka chavua ichomoze ni mdudu mwenye uzito, kama wale nyuki wakubwa wanaotoboa mbao na matawi makavu wapate pa kutagia mayai. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kazi ya kuwafunga nyuki hao vifaa vidogo vya redio na kuwafuatilia wanakokwenda. Safari zao za kutafuta chakula zilianzia mita 50 na kufika zaidi ya kilomita 6, na katika safari nyingi nyuki yuleyule alizuru kunde za shambani na kunde mwitu pia. Watafiti haohao walieleza kwamba nyuki akitoka ua moja kwenda jingine, mara nyingi hubaki katika kichaka kilekile, na ni mara chache huruka moja kwa moja kutoka kundi moja la mimea hadi jingine. Mara chache, lakini hutokea, na kwa mmea unaozaa mbegu kila mwaka, mara chache inatosha.

Hapo ndipo mjadala wetu unapoanzia. Je, mazao yaliyofanyiwa uhandisi jeni yaruhusiwe kupandwa mahali ambapo ndugu zake wa porini wanaota? Swali hili limekwisha kufika mlangoni. Desemba 2019 Nigeria iliidhinisha kunde aina ya SAMPEA 20-T, zilizopandikizwa jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini inayomuua funza wa maganda, Maruca vitrata, anapoutafuna. Ghana nayo imeidhinisha kunde za Bt, na shirika la teknolojia ya kilimo la AATF, lililosimamia mradi wa kutengeneza kunde hizo, lina makao yake Nairobi. Oktoba 2022 Kenya iliondoa marufuku ya miaka kumi dhidi ya vyakula vya GMO, yaani vitokanavyo na uhandisi jeni, na suala likafikishwa mahakamani. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mahindi ya GMO huko Makutupora, Dodoma, mwaka 2018. Kila mjadala huu unapozuka husikika sauti tatu: ya mtafiti wa mbegu, ya mwanaharakati na ya mkulima. Nimezipanga hapa zizungumze, nami nizijibu moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila moja imeshika upande wa ukweli na kuuacha mwingine.

Mtafiti wa mbegu: Ndugu zangu, tusitishane. Chavua imekuwa ikitoka mashambani kwenda porini tangu binadamu aanze kulima. Mtama, kunde, mpunga na alizeti vimezaana na ndugu zao kwa maelfu ya miaka, na pori bado lipo. Kwa nini jeni moja tunayoijua herufi kwa herufi ionekane ya hatari kuliko maelfu ya jeni zinazovuka kila msimu bila mtu kuzihesabu?

Mwandishi: Kuhusu kuvuka, mtafiti anasema kweli. Mwaka 1999 Norman Ellstrand na wenzake walipitia ushahidi juu ya mazao 13 muhimu zaidi ya chakula duniani, wakaona kwamba 12 kati yake huzaana na ndugu wa porini mahali fulani. Kwa hiyo anayeahidi kwamba jeni itabaki shambani anaahidi jambo ambalo maumbile hayajawahi kulitimiza. Lakini historia hiyohiyo haitoi faraja anayotupa. Miaka ya 1970 wakulima wa viazisukari Ulaya walivamiwa na magugu yaliyotokana na viazisukari kuzaana na ndugu zake wa mwitu katika mashamba ya kuzalishia mbegu. Machotara hao walitoa maua mwaka wa kwanza badala ya kujaza mzizi sukari, wakamwaga mbegu na kuacha ardhi imejaa magugu ya ukoo mmoja na zao lenyewe. Katika mashamba ya mpunga kusini mwa Marekani mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 2002 ulianza kuuzwa mpunga unaostahimili dawa fulani ya kuua magugu, uliopatikana bila uhandisi jeni. Haikuchukua miaka mingi sifa hiyo ikaingia katika mpunga mwekundu, gugu ambalo dawa hiyo ilikusudiwa kuliangamiza. Mifano hii miwili inampinga mtafiti, na inampinga pia anayeogopa maabara peke yake. Kuvuka kwa jeni ni kwa kale, na madhara yake ni ya kale vilevile. Kinachoamua ni sifa inayobebwa na jeni na maisha inayoyakuta huko inakofika, hata kama jeni hiyo haikupitia maabara.

Tuitazame tofauti hiyo kwa karibu. Huko Quebec, Kanada, jeni ya kustahimili dawa ya magugu ilivuka kutoka kanola iliyofanyiwa uhandisi jeni hadi kwa ndugu yake, gugu la Brassica rapa. Suzanne Warwick na wenzake walilifuatilia kundi moja la magugu hayo, na katika mimea 200 hivi waliyoipima, machotara walikuwa 85 mwaka 2002 na 5 tu mwaka 2005. Hakuna aliyekuwa akinyunyiza dawa pale, kwa hiyo jeni haikumpa mmea faida yoyote, na machotara wakapungua msimu hadi msimu. Hata hivyo jeni haikutoweka kabisa. Sasa tulinganishe na alizeti. Mwaka 2003 kundi la Allison Snow wa Chuo Kikuu cha Ohio State lilichapisha matokeo ya kuingiza jeni ya Bt katika alizeti mwitu, mmea wa asili wa Amerika Kaskazini. Wadudu waliishambulia kidogo, na huko Nebraska ilizaa mbegu asilimia 55 zaidi ya wenzake wasio na jeni hiyo. Jeni ya dawa ya magugu humfaa mmea pale tu dawa inaponyunyizwa, ilhali wadudu wako shambani na porini, usiku na mchana. Kunde za Bt ziko upande wa alizeti. Ndiyo maana haitoshi kuwaambia watu wa Kilifi au Tanga kwamba kanola haikuleta balaa Kanada.

Mwanaharakati: Basi umejijibu mwenyewe, ndugu mwandishi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kama jeni itavuka, na ikivuka hairudi, tiba ni moja: marufuku, kwa mazao yote, katika nchi zetu zote.

Mwandishi: Kwamba hairudi, nakubali bila kusita. Mwaka 2003 jimbo la Oregon, Marekani, lilikuwa na mashamba ya majaribio ya nyasi za viwanja vya gofu zilizopewa jeni ya kustahimili dawa ya magugu iitwayo glyphosate. Mwaka uliofuata ilichapishwa taarifa kwamba chavua yake ilikuwa imefikia mimea ya mtego iliyowekwa umbali wa kilomita 21. Mwaka 2007 kampuni husika ilikubali kulipa faini ya dola 500,000, na mwaka 2010 nyasi hizo zilikutwa zikistawi kwenye mifereji ya umwagiliaji katika wilaya nyingine ya jimbo hilo. Faini ililipwa, nyasi zikabaki. Mexico, nyumbani kwa pamba inayolimwa zaidi duniani, jeni za kupandikizwa zimekutwa katika pamba mwitu ya rasi ya Yucatán. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mimea mwitu iliyobeba jeni ya kustahimili dawa ya magugu ilitoa nekta kidogo ilipotakiwa kujihami, na kwamba mimea yenye jeni za kupandikizwa ilitembelewa na sisimizi tofauti na wale wa pamba mwitu ya kawaida. Nekta hiyo ndiyo ujira wa sisimizi wanaoulinda mmea dhidi ya wadudu wanaoula. Jeni moja iligusa uhusiano wa viumbe ambao mtengenezaji wa mbegu hakuwa na haja ya kuufikiria.

Pamoja na hayo, marufuku ya jumla inakosea shabaha. Tuchukue mahindi, zao lililochukua sehemu kubwa ya mabishano yetu. Ndugu zake wa porini wako Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati. Chavua ya mahindi ikipeperuka Dodoma au Kitale haina ndugu mwitu wa kumchavusha. Inaweza kufika kwenye mahindi ya jirani, na hilo ni suala zito la haki ya mkulima juu ya mbegu zake, lakini ni mjadala mwingine. Pamba ya Bt iliruhusiwa Kenya mwaka 2019. Ndugu wa pamba waliopo porini kwetu, kama Gossypium longicalyx, wana kromosomu 26 dhidi ya 52 za pamba ya shambani, hivyo kupata uzao wenye rutuba ni shida. Muhogo ni mfano wenye mafunzo zaidi. Mwaka 2021 Kenya iliidhinisha muhogo uliofanyiwa uhandisi jeni ili ustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Muhogo huo una ndugu hapa, ule mti wa mpira ambao majani yake huliwa kama kisamvu. Lakini wote wawili ni wageni kutoka Amerika ya Kusini, muhogo hupandwa kwa vipando, na mpira tayari una kinga yake dhidi ya maradhi ya muhogo. Hata jeni ikivuka, haitavuruga urithi uliozaliwa Afrika.

Kwa kunde na mtama hali ni nyingine kabisa. Kunde ni zao la Afrika. Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na utafiti wa Evans Mutegi na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mtama mwitu na mtama wa shambani huota pamoja katika maeneo mengi ya Kenya. Marufuku inayoyaweka mahindi na kunde katika kapu moja huwachosha watu kwa hatari isiyokuwepo, na hatari iliyopo ikija haina wa kuisikiliza. Zaidi ya hayo, marufuku ya jumla hufunga hata majaribio ambayo yangetupa majibu, na mbegu zikija kwa kuvushwa mpakani, zitatukuta hatuna kipimo cha hali iliyokuwepo kabla yake.

Mkulima: Wazee wangu, mnabishana juu ya majani ya porini, na mimi nanyunyiza dawa bila kinga usoni kwa sababu sina uwezo wa kuinunua. Funza akiingia kwenye ganda, ninachovuna ni maganda matupu. Hizo kunde mwitu zinanilisha nini?

Mwandishi: Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Funza wa maganda anaweza kumpokonya mkulima hadi asilimia 80 ya mavuno, na dawa inayonyunyizwa tena na tena humdhuru anayeishika na familia inayokula kunde hizo. Hakuna anayepaswa kumjibu mkulima huyu kwa kumwonyesha uzuri wa pori. Basi nimjibu kwa faida yake mwenyewe. Miaka ya 1930 muhogo wa Afrika Mashariki ulikuwa ukiangamizwa na batobato na michirizi ya kahawia. Watafiti wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, waliuokoa kwa kuuzalisha na ule mpira niliokwisha kuutaja, na damu ya mpira imo mpaka leo katika aina nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika. Kunde zenyewe zina kisa chao. Wataalamu walimtafuta ndugu wa kunde mwenye kinga dhidi ya funza, wakampata, Vigna vexillata, lakini juhudi za kumzalisha na kunde hazikufanikiwa. Ndipo wakageukia bakteria. Kunde mwitu, tofauti na ndugu huyo wa mbali, huzaana na kunde za shambani bila tabu, na kwa hiyo ndizo ghala la karibu la kinga dhidi ya ukame na maradhi yajayo. Uzao wa jeni moja yenye nguvu ukienea na kuzisonga nasaba nyingine za kunde mwitu, ghala hilo linapungua kabla hatujajua lina nini.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na mfuko wa mkulima. Mbegu ya Bt hudumu na nguvu yake ikiwa baadhi ya funza wanaishi kwenye mimea isiyo na sumu hiyo, wakapandana na wale wachache waliostahimili na kuuchelewesha ustahimilivu kuenea. Mimea mwitu ni sehemu ya kimbilio hilo. Afrika Kusini ilianza kulima mahindi ya Bt mwaka 1998, na mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba bungua wa mashina wa huko, Busseola fusca, amekuwa sugu, mahali ambapo maeneo ya kimbilio hayakuwa yamezingatiwa ipasavyo. Jeni ya Bt ikijaa katika kunde mwitu, sehemu ya kimbilio cha funza wa maganda imefungwa, na mkulima aliyenunua mbegu kwa bei kubwa anaweza kurudi kwenye bomba la dawa. Kwa hiyo kunde mwitu zinamlisha, kwa kuilinda mbegu ileile anayoitamani.

Mtafiti wa mbegu: Basi tuweke umbali kati ya mashamba, tuwafundishe wakulima, tuweke alama kwenye mifuko ya mbegu. Hatari ikidhibitiwa, tuendelee.

Mwandishi: Umbali kati ya mashamba ulibuniwa ili kulinda usafi wa mbegu kwa msimu mmoja, na haukuwahi kukusudiwa kuifungia jeni milele. Shamba la kunde la nusu eka, lililochanganywa na mahindi na kupakana na jirani pande zote nne, haliwezi kuzungukwa na kilomita sita za ardhi tupu kwa ajili ya nyuki. Mbegu nazo husafiri mbali kuliko chavua. Kunde hununuliwa sokoni kama chakula na kuishia kupandwa, hupewa shangazi na jirani, huvuka mipaka ndani ya magunia bila alama yoyote. Mwenye kuamua lazima achukulie kwamba jeni itawafikia ndugu wa porini, kisha ajiulize itafanya nini ikifika. Akishindwa kulijibu swali hilo, hana msingi wa kutoa kibali.

Na swali hilo linaweza kujibiwa bila kupanda hata mbegu moja ya GMO. Chagua makundi ya kunde mwitu Lamu, Kwale, Tanga na Bagamoyo. Nusu yake yakingwe dhidi ya wadudu kwa dawa, nusu yaachwe kama yalivyo. Hesabu maganda, hesabu mbegu, kisha msimu unaofuata hesabu miche iliyoota. Ikiwa yaliyokingwa yamezaa mbegu nyingi na miche mingi zaidi, funza ndiye anayezizuia kunde mwitu zisienee, na jeni ya Bt itaondoa kizuizi hicho. Ikiwa miche haikuongezeka, kinachozizuia ni ukame, mifugo au jembe, na jeni haitabadilisha mengi. Jaribio hili linahitaji watu wenye subira, daftari, na misimu mitatu au minne. Hata nchi iliyokataza GMO inaweza kulifanya kesho, kwa sababu halina GMO ndani yake.

Mkulima atasema misimu minne ni mingi kwa mwenye njaa, na ana haki ya kusema hivyo. Ndiyo maana utafiti huu uwe na fedha na tarehe ya mwisho, usije ukageuzwa kisingizio cha kuahirisha uamuzi mwaka hadi mwaka. Gharama alipe anayeomba kibali, lakini kazi ifanywe na vyuo vikuu na taasisi za umma, na matokeo yachapishwe yakipendeza yasipopendeza. Somo la alizeti halijasahaulika: baada ya matokeo ya Nebraska, watafiti wale walinyimwa na kampuni ruhusa ya kuendelea na mbegu zile. Mwenye kuuza mbegu hawezi kuwa ndiye mshika funguo za ushahidi.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa mahindi, hoja ya ndugu wa porini isitumike Afrika Mashariki, kwa sababu si ya kweli hapa. Kwa pamba na muhogo, ipimwe kwa kiasi chake. Kwa kunde na mtama, kibali kisitolewe mpaka ramani ya ndugu wa porini iwe imechorwa, jaribio la wadudu liwe limefanywa, na mbegu za kunde mwitu na mtama mwitu za kila eneo ziwe zimehifadhiwa katika hifadhi za nasaba za mimea za Muguga na Arusha. Sharti hilohilo liwekwe kwa mbegu isiyo ya GMO yenye sifa ya kustahimili dawa ya magugu, kwa kuwa mpunga mwekundu umetuonyesha kwamba njia ya kuipata jeni haipunguzi madhara yake. Nanyi wasomaji, serikali ikiitisha maoni ya wananchi kuhusu mbegu mpya, msiishie kuuliza kama ni GMO au si GMO. Ulizeni zao hili lina ndugu gani porini kwetu, nani amewapima, na matokeo yako wapi.